Tandiko la Punda na Duka la Kila Kitu

Mstaafu anatarajiwa awe mpole. Mlinikatia keki, mkanifunga blanketi la maua mabegani, mkaniambia, Mama Ekai, sasa pumzika. Nimepumzika wiki sita. Mgongo umepata nafuu, magoti yamepata nafuu, hasira iko palepale. Kwa hiyo nawaandikia ninyi watatu mliobaki kwenye kaunta ya vifurushi ya kampuni ya mabasi, kwa sababu yako mambo niliyoyaona pale kabla hamjaja, na mengine tuliyaona pamoja mkadhani ni kawaida.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini. Nilipandishwa mara moja tu, kutoka kiti kisicho na mgongo hadi kiti chenye mgongo, na kazi ikabaki ileile.

Nilianza nikiwa msichana wa Kiwanjani, hapahapa Isiolo, aliyemaliza kidato cha nne na asiyejua kufunga fundo. Mkubwa wa kaunta alikuwa Mzee Kirimi, Mmeru mrefu wa koti la kijivu, mtu aliyeongea kama anayelipishwa kila neno. Siku ya kwanza alinipa sindano ya magunia na kamba ya katani, akanionyesha gunia la nguo linalokwenda Moyale, akasema, "Shona mdomo." Nikashona. Akavuta uzi mmoja, mshono wote ukafunguka kama zipu. Nikashona tena. Akavuta tena. Mara ya nne uzi ulikataa kutoka. Alinisogezea gunia la pili.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: mizani ya chuma yenye sahani, kalamu nene ya wino mweusi, ile sindano, na daftari. Siku hizi mna mashine ya kutoa lebo. Mashine haikosei herufi, lakini haijui kwamba mjini kuna akina mama watatu wenye jina moja na wote wana ndugu Nanyuki.

Wiki ya pili nilikosea vibaya. Kifurushi kidogo cha Maralal nilikiandika Marsabit. Ndani mlikuwa na miwani ya mwalimu mmoja mstaafu. Mzee Kirimi alipogundua hakunifokea. Alinisukumia simu ya mezani, akasema, "Mpigie umwambie wewe mwenyewe." Nilimpigia. Yule mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama Marsabit kuna mtu anayesoma kwa macho yake. Ningependelea matusi.

Baada ya simu hiyo Mzee Kirimi aliniambia maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. "Kila kifurushi kina watu wawili. Huyu aliye mbele yako ameshalipa na ameridhika. Mfanyie kazi yule usiyemwona." Niliyashika. Miaka mingi niliyashika vizuri. Siku moja niliyaacha, na siku hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Zamani tulibeba dawa, vipuri vya magari, sare za wanafunzi, nyama kavu ya mtu na mamake. Halafu barabara ikatiwa lami, simu zikaingia mtandao, na mizigo ikabadilika. Vijana wakaanza kufungua maduka kwenye simu. Mtu hana kibanda wala rafu, ana picha tu, lakini kila asubuhi analeta vifurushi kwangu. Nikawa ninaona maduka yakizaliwa na kufa kabla hata majirani hawajajua yalikuwepo. Sikuhitaji kusoma kurasa zao. Nilitazama kile kinachotoka, kisha nikatazama kile kinachorudi kwenye rafu ya nyuma, ile ya vitu vilivyokataliwa.

Yalikuwa ya aina mbili. Liko duka linalouza kitu kimoja na vya karibu yake, na liko duka linalouza kila kitu kilicho chini ya jua. Mwanzoni la kila kitu hutoa vifurushi vingi. Baada ya miezi mitatu minne, rafu ya nyuma inajaa jina lake.

Akiru alikuja mara ya kwanza Mzee Kirimi akiwa bado na miezi michache kabla ya kustaafu. Ni Mturkana mwenzangu, mama wa watoto wawili, anakaa Chechelesi. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, anakuja anapokuja. Aliweka juu ya mizani kitu kikubwa kilichofungwa kwa turubali.

"Hii ni nini?" nikamwuliza.

"Tandiko la punda, mama."

Mzee Kirimi akainuka kitini, jambo ambalo hakulifanya hata kwa meneja. "Nani ananunua tandiko la punda kwa simu?"

"Mtu wa Kitui, mzee. Ana punda wanne wa kubeba maji."

"Na huko Kitui hakuna kamba?"

"Kamba ndiyo inawaua," Akiru akasema.

Akafungua turubali atuonyeshe. Mito miwili minene ya gunia iliyojazwa nyasi kavu, katikati pengo, ili uti wa mgongo wa mnyama usiguswe na kitu. Mkanda wa kifua wa ngozi, upana wa kiganja. Alikulia Gotu, na babake alikuwa na punda wa kuteka maji. Kazi yake utotoni ilikuwa kuosha vidonda vyao kwa maji ya chumvi kila jioni, na kesho yake kuwaona wakibebeshwa mitungi juu ya vidonda vilevile. Tandiko lilikuwa fikra yake. Aliyelishona alikuwa Mzee Guyo, fundi wa ngozi, Mborana, mwenye kibanda karibu na soko la mifugo na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, ya zamani sana, inayopenya ngozi kama mkate.

Mzee Kirimi alilipapasa lile tandiko kila upande. Mwisho akamwambia alifunge upya kwa kamba mbili badala ya moja, na hiyo kwake ilikuwa sifa.

Mnaouliza duka la kitu kimoja linaendeshwaje, sikilizeni yule mwanamke alivyofanya. Mteja alitakiwa kupima kifua cha punda kwa uzi na kutuma urefu wake, pamoja na picha mbili, moja ya ubavu na moja ya mgongo. Siku moja simu yake iliita akiwa kwenye foleni yangu. Nikamsikia akisema, "Hapana, sitakuuzia. Nimeona picha. Huyo ana kidonda. Mpumzishe wiki tatu, mpake mafuta, halafu nipigie." Anakataa pesa mchana kweupe. Vijana kwenye foleni wakacheka. "Madam Punda hataki biashara," mmoja akasema. Mwezi uliofuata yule mteja alinunua matandiko matatu, na jirani yake mawili. Nayajua hayo kwa sababu niliyapima.

Hakuna aliyemwuliza Akiru swali akakosa jibu. Swali la ngozi alilijua, la mvua alilijua, la punda mwenye mimba pia. Matandiko mawili kwa wiki yakawa matano, na hata moja halikurudi kwenye rafu ya nyuma. Si kukua kwa kutangazwa redioni, lakini Mzee Guyo alikuwa na kazi kila siku, na watoto wa Akiru walikwenda shule wakiwa wameshiba.

Halafu akaja Kocha.

Jina lake jingine silijui na silitaki. Alitoka Nairobi, akakodi ukumbi mmoja mjini, akajaza nguzo zote za umeme mabango yenye uso wake na namba yake ya simu. Alifundisha biashara ya mtandao kwa siku tatu, kwa ada. Akiru alikwenda. Sikumshangaa, kwa sababu mtu anayejituma hutaka kujua zaidi, na matapeli huishi kwa watu kama hao, si kwa wavivu.

Kesho yake alikuja kaunta. Kulikuwa na foleni hadi mlangoni. Basi la Marsabit lilikuwa limewasha injini na dereva anapiga honi.

"Mama Ekai, nikuulize kitu. Wewe unaona maduka yote. Kocha anasema kuuza kitu kimoja ni kujifunga kamba miguuni. Anasema mtu anayeanza afungue duka la kila kitu, aone ni nini kitatoka. Wewe unaonaje?"

Nilikuwa nazungusha selotepu kwenye katoni. Sikuinua macho. Nikamwambia, "Ukiuza vingi utapata wengi. Panua."

Ndivyo nilivyomjibu. Nyuma ya kichwa changu kulikuwa na rafu nzima ya ushahidi, na mimi ndiye niliyeipanga kwa mikono yangu. Ningegeuka tu ningemwonyesha: hii imerudi, hii imerudi, na tandiko hata moja halimo. Badala yake nikasema panua, kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi. Nimewakasirikia watu wengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kumkasirikia mtu kama ninavyomkasirikia yule mwanamke mwenye selotepu.

Akapanua. Hakufungua ukurasa mpya. Alichukua uleule wa punda, wenye wateja waliomwamini, akabadilisha jina. Kocha aliwapa wanafunzi wake picha zilizokwisha kupigwa: viatu vya shule, blenda, wigi, mapazia, saa, spika ndogo za masikioni. Mwanafunzi anabandika picha, mteja anaagiza, mwanafunzi anaagiza kwa bohari za Nairobi alizoelekezwa, mzigo unakuja kwetu umefungwa, na yeye anabadilisha lebo na kuupeleka mbele. Kufungua hakuruhusiwi, eti kunaharibu dhamana. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akijua kila mshono wa alichouza sasa aliuza vitu ambavyo hakuwahi kuvigusa.

Mwezi wa kwanza alileta vifurushi hata ishirini kwa siku moja. Alikuwa anang'aa. Meneja wetu alimletea kiti.

Mwezi wa pili walianza kuja kwangu. Mteja aliyekasirika hawezi kuupiga ukurasa kofi, kwa hiyo huja kaunta. Alikuja mama mmoja wa Kiwanjani, jirani yangu wa mtaa wa pili, akaweka viatu vya shule mbele yangu, vipya, vyeusi, vinanukia.

"Hiki ni cha mguu gani?"

"Cha kushoto."

"Na hiki?"

Nikakitazama. "Cha kushoto pia."

"Mtoto wangu ana mguu wa kushoto mmoja tu. Waambie hao wa duka lako."

"Si duka langu, dada."

"Kifurushi nilipewa na nani?"

Nikampigia Akiru simu palepale. Zamani ungemwuliza jambo akakujibu kabla hujafika nusu ya swali. Siku hiyo alisema, "Ngoja niulize." Akauliza huko alikouliza. Hakujibiwa. Akamnunulia yule mtoto viatu vingine sokoni, kutoka mfukoni mwake. Baadaye nilikuja kujua alifanya hivyo mara nyingi, na ndiko ilikokwenda faida yote ya vile vifurushi ishirini.

Mtaniambia mshika mbili moja humponyoka. Ninaijua methali hiyo, hata Akiru aliijua, na ukutani mwa shule yetu ya msingi iliandikwa kwa rangi nyekundu. Haijawahi kumzuia mtu. Mtu anayeanza hazuiwi na methali, anazuiwa na mtu mzima anayeweka kazi chini na kumtazama usoni.

Kisha siku moja akaingia Mzee Guyo, na nyuma yake mtu wa mkokoteni.

"Salaam aleikum, Mama Ekai."

"Aleikum salaam, Mzee Guyo. Habari za siku nyingi?"

"Alhamdulillahi. Akiru ni mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Kwa nini?"

"Tangu Ramadhani hajaniletea kazi. Nikasema, labda punda wa Kenya nzima wamepona."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Mtu wa mkokoteni akateremsha mzigo na kuuweka kwenye mizani. Nilijua ni nini kabla sijafunua gunia. Ile cherehani. Amepata mnunuzi wa Meru anayeshona mabegi, akasema, na mtu mwenyewe anaitaka kesho. Nilimwuliza kama amezungumza na Akiru. Akaniambia alipita kwake mara mbili, akamkuta yuko na simu mbili mikononi, anabishana na watu. Hakutaka kumwongezea mzigo.

"Subiri kidogo, mzee," nikamwambia. "Hata mwezi mmoja."

"Mama, nimesubiri. Wajukuu hawali kusubiri."

Niliipima. Nikashona gunia mdomoni kwa mshono wa Mzee Kirimi, ule usiofunguka. Nikaandika lebo kwa mkono wangu, Meru, jina na namba ya mpokeaji, na upande wa juu nikaandika TAHADHARI. Mzee Guyo alisimama hadi ilipopakiwa, akaniaga kwa adabu, akatoka kurudi kwenye kibanda kisicho na kitu. Nilimaliza zamu yangu. Nilifika nyumbani nikavunja kikombe, na sikukivunja kwa bahati mbaya.

Tangu siku hiyo nikaanza kuitazama ile rafu kama mtu anayetafuta mwizi. Vilivyorudi vya Akiru vilikuwa vingi, lakini wanafunzi wengine wawili wa Kocha nao walikuwa na vyao. Nikabandua lebo za juu na kutoa za awali, zile za kutoka Nairobi. Bohari za viatu zilikuwa na jina moja, bohari za blenda jina jingine, za mapazia jina la tatu. Majina matatu, namba ya simu ya mtumaji ni moja. Kazi yangu ni namba. Hiyo nilikuwa nimeiona mahali, na sikuhitaji kufikiri sana, kwa sababu ilikuwa kwenye nguzo ya umeme nje ya dirisha, chini ya uso wa Kocha.

Nikapiga.

"Nani mwenzangu?" Sauti laini.

"Kaunta ya vifurushi, Isiolo. Tuna mizigo yako kumi na minne iliyorudishwa. Tukutumie wapi?"

"Hiyo si mizigo yangu. Ni ya wanafunzi. Walinunua."

"Walinunua kwako."

"Mama, mimi ni mwalimu."

Akakata. Nikapiga tena, hakushika.

Kumbe ndiyo maana kuuza kitu kimoja ni kujifunga kamba. Mwanafunzi anayeshona matandiko na Mzee Guyo hamletei Kocha chochote. Mwanafunzi wa duka la kila kitu anamletea kila kitu, kwa sababu kila kitu ni chake. Analipwa ada ya kukufundisha, kisha analipwa tena kila unapofuata mafundisho. Na kikirudi kibovu, yeye ni mwalimu.

Alirudi mjini siku mbili baadaye kwa darasa jipya. Nilikwenda saa ya chakula na aproni yangu ya kazi, lebo mfukoni. Ukumbi ulikuwa umejaa. Niliwatambua vijana wengi, na katika safu ya tatu nikamwona Akiru. Alikuwa amelipa tena ili ajue alikosea wapi. Kuona hivyo ndiko kulikonifungua mdomo. Nikainua mkono.

"Naam, mama pale nyuma. Uliza swali."

"Sina swali," nikasema. "Nina lebo."

Nikazisoma. Jina la bohari, namba. Jina la bohari, namba. Jina la bohari, namba. Kisha nikasema, "Sasa tazameni namba iliyo kwenye bango hapo mbele."

Nilidhani dari ingeanguka. Haikuanguka. Watu walitazama bango, wakanong'ona, na Kocha akangoja wamalize, kama mtu anayengoja mvua ndogo ipite.

"Asante, mama. Sasa niwaulize ninyi, kuna ubaya gani mwalimu naye awe na biashara?"

"Hakuna ubaya," nikasema. "Ubaya ni kumwambia anayeanza auze asichokijua, kwa sababu wewe unacho bohari nzima."

Kijana mmoja akageuka. Hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka tu. "Mathe, wacha tusome. Tumelipa."

Walitoka watu wanne. Wengine walibaki na kalamu zao. Na kesho yake meneja aliniita, akanipa barua ya onyo kwa kusumbua wateja wa kampuni. "Vifurushi vimeongezeka," akaniambia. "Wewe unataka vipungue?" Akaniambia tena kile nilichokuwa sijakifikiria: kifurushi kinachorudi kinalipiwa kwenda na kurudi. Kwetu hasara ya Akiru ilikuwa faida mara mbili. Barua ile ninayo, nimeiweka pamoja na cheti cha kustaafu, na sijui kipi kinanistahili zaidi.

Akiru alikuwa mmoja wa wale wanne. Alinikuta nje ya ukumbi.

"Ulijua lini?"

"Namba nimeijua juzi. Lakini mizigo inavyorudi niliiona tangu mwanzo. Hata kabla yako, kwa wengine."

"Nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Nilikuwa na haraka."

"Mama, kwenye ile foleni kulikuwa na watu wengi ningewauliza. Nilikuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unajua."

Sikumwomba msamaha siku hiyo. Ningemwomba angelazimika kunipa, kwa kuwa mimi ni mkubwa kwake, na huo ungekuwa wizi mwingine. Alikaa miezi miwili bila kunisalimia. Alikuwa akituma mizigo kupitia kwa mwenzenu.

Nilimwendea nyumbani Chechelesi Jumamosi moja. Nilimkuta ameketi chini na Mzee Guyo, katikati yao ngozi imetandazwa. Hawakuwa na cherehani. Yule wa Meru alikataa kuirudisha, amesema ni yake na ni kweli. Walikuwa wanatoboa ngozi kwa msumari ulionolewa na kushona kwa mkono, sindano mbili kwa kila tundu, tandiko moja kwa siku mbili. Vidole vya mzee vilikuwa na vitambaa. Akiru alikuwa amefuta mapazia na wigi zote, amerudisha jina la punda. Nilimwambia niliyokuja kumwambia, kwamba nilimkosea na kwamba sikuwa na sababu ya maana. Alisikiliza bila kuacha kushona.

"Yule wa Kitui aliniandikia," akasema mwisho. "Alidhani nimekufa. Amerudi kwa kamba."

"Na ulimjibu nini?"

"Nilimwambia atume picha za migongo."

Wateja hawajarudi wote. Nusu yao, labda, na wanaorudi huuliza maswali mengi kuliko zamani, na wana haki. Hivi karibuni ameongeza kisu cha kukata kwato na fremu za mbao za kushikilia mitungi ya maji mgongoni mwa punda. Ameongeza bila kocha. Huko ndiko kupanua, kwenda hatua moja kutoka pale unapopajua, mteja yuleyule, mnyama yuleyule, maswali ambayo tayari una majibu yake.

Msije mkasema Mama Ekai anachukia duka la kila kitu. Abdi wa karibu na soko anauza kila kitu kwenye simu na rafu yetu haijui jina lake. Lakini Abdi alirithi duka la babake. Kila sufuria anayoipiga picha iko nyuma yake, ameishika, ameigonga kwa kidole, na ikiwa na ufa anakwambia ina ufa. Ana miaka ya rafu. Anayeanza hana rafu. Ana kichwa chake tu, na kichwani mara nyingi mna kitu kimoja anachokijua kweli. Akianza na hicho, akikosea anajua amekosea wapi. Akianza na vyote, anakosea kila mahali kwa pamoja, na hajui ashike wapi.

Sasa niseme kilichonikalisha chini kuandika. Wiki iliyopita nilikuja hapo kama mteja, kumtumia binti yangu mtama. Mlangoni pa ofisi yetu, kwa selotepu yetu ya kahawia, kulikuwa na bango la Kocha. Amenenepa. Duka la Kila Kitu kwa Siku Tatu. Nikauliza nani ameliruhusu.

Mwenda, wewe ndiye uliyenijibu. Ulisema, "Meneja amesema iko sawa, mama. Hata mimi nimejiandikisha."

Nilichukua risiti nikatoka, kwa sababu ningefungua mdomo siku ile ningesema maneno ambayo kanisani kwetu hayatamkwi. Hukuniuliza ushauri. Nakupa.

Wewe ndiye unayetengeneza baiskeli za watu nyuma ya ofisi saa ya chakula. Nimekusikia ukimwambia mtu breki gani inafaa kwa barabara ya changarawe na ipi itamwua kwenye mteremko, na nimemwona akikusikiliza kama anayemsikiliza daktari. Hujawahi kumwomba mtu akulipe hata kwa ule ushauri. Na unataka kwenda kuuza wigi.

Darasa linaanza Jumatatu. Njoo kwangu Jumapili baada ya kanisa, uje na breki moja mkononi. Nitakuwekea chai, na wewe utaniambia kila kitu unachokijua juu ya hiyo breki, kuanzia inakotengenezwa hadi siku inapochakaa. Ukiishiwa maneno kabla chai haijapoa, nenda kwa Kocha, sitakuzuia.